Waru za Moshi: Jinsi ya Kupika Saladi ya Waru Choma Itakayobeba Sherehe Yenu Nchiru

Jumamosi ya kufunga semesta pale Nchiru inajulikana venye huenda. Kila msee amechanga soo mbili, mmoja ametumwa bucha, na ikifika mchana mko watu kumi na wanne nyuma ya ploti mkiangalia kilo tatu za mbuzi kwa wavu. Wale wamesimama karibu na moto wanaonja "kidogo tu." Nyama ikifika mezani imebaki mifupa na stori. Halafu kuna yule beshte wenu hakuli nyama. Amechanga soo mbili kama nyinyi wote, na amepewa kachumbari na soda.

Hiyo shida mbuzi wa pili hataimaliza, na doo ya mbuzi wa pili pia hamna. Ile kitu inaweza kuimaliza iko kwa mama mboga hapo nje ya geti: waru. Lakini tusiongee chips, na tusiongee zile waru baridi zimezama kwa mayonezi hadi zinafanana na plasta. Tunaongea waru za kuchomwa kwa makaa yale yale mmenunua ya mbuzi, zikashika moshi, zikavalishwa limau, vitunguu saumu na mala. Ukiipika vizuri, hii saladi inakaa mezani kama dishi kamili, na hakuna mtu anarudi keja na njaa.

Hapa chini kuna kila kitu unahitaji: waru za kununua, moto, moshi, vipimo, ratiba ya siku, na mambo mawili yanaweza kugeuza sherehe kuwa safari ya hospitali.

Kwa nini Meru ndio mahali pake

Kama unasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ama unaishi hapo kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, uko kwa kaunti moja ya zile zinalisha Kenya waru. Upande wa Kibirichia na Timau, kwa miteremko ya Mlima Kenya, kuna baridi na udongo mzuri, na waru zinapenda hivyo. Kisima Farm ya Timau inajulikana kwa kuzalisha mbegu za waru ambazo wakulima wengine hupanda.

Kwa hivyo ukinunua waru Gakoromone, soko kubwa la Meru mjini, ama kwa kibanda cha Nchiru, kuna uwezekano mkubwa hazijasafiri mbali. Bei hushuka wakati wa mavuno, mara nyingi kuanzia Julai hivi, halafu tena mwanzo wa mwaka baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Kama mnanunua gunia zima kwa mchango wa ploti, kumbukeni sheria ya Kenya inasema gunia la waru lisizidi kilo 50. Lile limefungwa kilemba juu, ambalo watu huita mukorino, linamuumiza mkulima hata kama wewe unaona umepata dili.

Chagua waru inayofaa

Hapa ndipo wasee wengi huanguka kabla hata hawajawasha moto.

Waru zina aina mbili kubwa ukiangalia venye zinapikika. Kuna zile zenye wanga mwingi, zikiiva zinakuwa unga unga na kuvunjika. Hizo ni tamu kwa mukimo. Halafu kuna zile zinashikana, zikiiva zinabaki na umbo. Kwa saladi, hizo za pili ndizo zinafaa zaidi.

Shida ni kwamba kibandani mara nyingi utapata Shangi. Shangi iko kila mahali Kenya juu inakomaa haraka na inaiva haraka, ikikuokolea gesi. Lakini ukiisahau kwa maji dakika tano, unapata uji. Pia huchipuka mapema sana ikikaa, kwa hivyo usinunue ya wiki mbili mbele. Ukibahatika kupata Unica, ile ya ngozi nyekundu, chukua. Kama ni Shangi pekee, usijali. Kuna ujanja wa siki huko mbele.

Unapochagua, angalia hivi:

– Saizi ya yai au kubwa kidogo, na zilingane, ndio ziive pamoja.
– Ngumu ukizifinya, bila machipukizi.
– Ngozi safi, juu tutazichoma na maganda yake.
– Hakuna kijani. Waru ikikaa kwa mwanga inageuka kijani, na pamoja na hiyo rangi inaongeza sumu inayoitwa solanini. Kuchemsha hakuiondoi. Ile imekuwa kijani, tupa.

Vitu unahitaji kwa watu 12 hadi 14

– Waru kilo 4
– Vitunguu vya mviringo 4, vikatwe nusu nusu
– Hoho 4, rangi yoyote
– Pilipili mbichi 2, kama mbogi inaweza
– Kitunguu saumu kichwa kimoja
– Limau 4 kubwa
– Mala nusu lita
– Dania mafungu mawili makubwa
– Mafuta ya kupikia kikombe kimoja
– Siki vijiko 4 vya mezani
– Haradali kijiko kimoja cha mezani, ukiwa nayo
– Chumvi na pilipili manga
– Mayai 8 ya kuchemsha, ukitaka saladi ishibishe zaidi

Ukikosa mala, tumia yogati isiyo na sukari. Soma lebo kwanza. Yogati nyingi za dukani zina sukari na ladha ya matunda, na hakuna mtu anataka waru za strawberry.

Mala uliyonunua ni nyepesi, kwa hivyo ichuje. Tandika kitambaa safi juu ya chujio, mimina mala, acha maji yatoke kwa saa moja hivi mahali pa baridi. Inabaki nzito kama krimu.

Moto: makaa ya joto, kuni za moshi

Watu hudhani makaa ndiyo yanaleta ile harufu ya moshi. Makaa mazuri hayana moshi mwingi, juu kuni tayari ilishachomwa na moshi ukatoka huko ilikotengenezwa. Makaa yanakupa joto. Moshi lazima uutafute mwenyewe.

Utautoa kwa vipande vidogo vya mti mgumu uliokauka. Meru hamkosi. Matawi makavu ya mwembe, ya mparachichi, ama ya mkahawa uliopogolewa yote yanafaa. Kata vipande vya saizi ya kidole gumba, viganja viwili vinatosha. Kuviloweka si lazima.

Vya kuepuka:

– Mbao za rangi, plaiwudi, na mbao zilizotiwa dawa. Moshi wake ni sumu.
– Saipresi na miti mingine yenye utomvu. Inatoa masizi machungu.
– Mkaratusi. Mafuta yake yatafanya saladi inuke kama dawa ya kifua.
– Mafuta ya taa ya kuwashia. Tumia karatasi na vijiti.

Panga makaa upande mmoja wa jiko ama shimo, na uache upande wa pili bila kitu. Upande wa makaa ni wa kuchoma, ule mwingine ni wa kupumzisha waru zikivuta moshi. Subiri hadi makaa yawe na jivu jeupe juu, dakika thelathini hivi. Kisha weka kiganja juu ya wavu, umbali wa upana wa mkono. Ukivumilia sekunde nne au tano, joto liko sawa. Ukitoa mkono kwa sekunde mbili, ngoja kidogo.

Kumbuka moshi kama kiungo si jambo geni Kenya. Wakalenjin wanasafisha kibuyu cha mursik kwa kijinga cha moto na unga wa makaa, na maziwa yanatoka na ladha ambayo huwezi kununua dukani. Mala na moshi wamejuana kitambo. Sisi tunaongeza waru tu.

Waru kwanza, mbuzi baadaye

Hii ndiyo kanuni mnafaa kukubaliana kabla ya sherehe. Waru zinaingia kwa wavu kabla ya nyama.

Sababu ya kwanza ni yule beshte hakuli nyama. Wavu ukiwa safi, saladi ni yake pia, bila kumwambia atoe mafuta ya mbuzi kwa macho. Sababu ya pili, waru zinahitaji makaa kwa dakika chache tu, na mbuzi anataka moto wa polepole wa muda mrefu. Sababu ya tatu ni ya ujanja zaidi: watu wakionja waru mapema, hawazunguki nyama kama fisi.

Hatua kwa hatua

1. Osha waru vizuri na brashi au kitambaa kikavu kigumu. Usimenye. Zikate nusu kwa urefu. Ganda litashikilia waru isianguke kwa wavu.

2. Ziweke kwa sufuria ya maji baridi, zifunikwe kabisa. Tia vijiko viwili vya chumvi na vijiko vinne vya siki. Anza na maji baridi ndio nje na ndani viive pamoja. Siki ndiyo ule ujanja wa Shangi: asidi inachelewesha kulainika kwa ile gundi ya asili inayoshikilia waru, kwa hivyo inaiva bila kuporomoka.

3. Maji yakianza kuchemka, hesabu dakika nane kisha pima kwa kisu. Kisu kiingie lakini kikutane na ukinzani kidogo katikati. Zikifika hapo toa mara moja, hata kama roho inakuambia ongeza dakika mbili.

4. Mwaga maji yote na urudishe waru kwa sufuria moto bila kifuniko. Acha mvuke utoke dakika tano. Waru yenye maji inachemka juu ya wavu badala ya kuchomeka, na itanata.

5. Mimina robo kikombe ya mafuta na chumvi kidogo, tikisa sufuria taratibu. Pembe za waru zikikwaruzika kidogo ni sawa, huko ndiko kutakuwa na ukoko mtamu.

6. Paka wavu mafuta kwa kitambaa. Weka vitunguu, hoho na pilipili juu ya makaa kwanza. Hoho ziache hadi ngozi iwe nyeusi, kisha uzifunike kwa bakuli ili ngozi itoke rahisi. Kichwa cha kitunguu saumu kiweke kizima pembeni kwa joto dogo hadi kilainike ndani.

7. Sasa panga waru, upande uliokatwa ukiangalia makaa. Usiziguse dakika nne. Ukizigeuza mapema zinaacha nusu yake kwa wavu. Zikiwa tayari zinajiachilia zenyewe. Geuza, ongeza dakika tatu upande wa ganda.

8. Unatafuta rangi ya dhahabu na mistari ya kahawia, si nyeusi. Vyakula vya wanga vikiungua sana vinatengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo wanasayansi wa Uswidi waliitangaza kwa chakula mwaka 2002. Zaidi ya hayo, waru nyeusi ni chungu tu.

9. Sukuma waru zote upande usio na makaa. Tupa vipande vya kuni juu ya makaa, kisha funika waru na sufuria kubwa ya zamani iliyopinduliwa, ukiacha nafasi kidogo upande wa makaa moshi uingie. Usitumie kipande cha bati la paa. Lina zinki na pengine rangi, na likipata moto mkali linatoa mvuke mbaya. Acha dakika kumi. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati ni mzuri. Ukiona moshi mweupe mzito, kuni zinakosa hewa, ziachie nafasi.

10. Toa waru, zikate vipande vya kuingia mdomoni, weka kwa karai kubwa safi.

Kama mvua imewanyima nafasi ya kufunika kwa wavu, kuna njia ya jikoni za Wahindi inayoitwa dhungar. Waru zikiwa kwa sufuria, weka kibakuli kidogo cha chuma katikati, tia kaa moja jekundu ndani, dondosha kijiko cha mafuta juu yake, funika dakika tano. Fanyia hiyo nje.

Kuvalisha: mara mbili, si mara moja

Hapa ndipo saladi inatofautiana na waru zilizorushiwa sosi.

Mara ya kwanza, waru zikiwa bado moto. Finya limau tatu, changanya na nusu kikombe ya mafuta, haradali, chumvi, pilipili manga, na kile kitunguu saumu ulichochoma, ukikiponda. Mimina yote juu ya waru na ugeuze taratibu kwa mwiko. Waru moto inanyonya hii ladha hadi ndani. Ukingoja ipoe, sosi inakaa nje tu. Wajerumani wa kusini wanajua hii kitambo. Saladi yao ya waru huvalishwa siki na supu ikiwa moto, bila mayonezi.

Ongeza vitunguu na hoho za kuchomwa, vyote vimekatwa vipande.

Mara ya pili, dakika chache kabla ya kula. Waru zikiwa vuguvugu, ongeza mala uliyochuja, dania, mayai kama yapo, na limau ya mwisho. Mala ukiiweka kwa waru za moto inakatika na kuwa maji maji. Onja. Waru hula chumvi sana, na usishangae ukiongeza mara mbili.

Ratiba ya siku

– Saa sita: chuja mala, chemsha mayai, osha na ukate waru.
– Saa saba: washa makaa, anza kuchemsha waru.
– Saa saba na nusu: vitunguu na hoho kwa wavu.
– Saa nane kasoro robo: waru kwa wavu.
– Saa nane na robo: waru kwa karai, limau na mafuta. Mbuzi anapanda.
– Saa tisa na nusu: mala na dania. Mbuzi anakatwa. Watu wanadishi.
– Saa kumi: kilichobaki kinaingia friji. Kama hakuna friji, kinaisha hapo hapo.

Mambo mawili hayana mchezo

La kwanza ni waru iliyokaa. Watu hulaumu mayonezi, lakini mayonezi ya dukani ina asidi. Mara nyingi kesi iko kwa waru yenyewe, ikikaa kwa joto la kawaida bila asidi. Usiache waru zilizoiva nje zaidi ya saa mbili, na kama jua ni kali, saa moja. Hasa, usizifunge kwa foili, uzichome usiku, halafu uziache mezani hadi kesho. Foili inazuia hewa, na kuna bakteria wa botulizimu ambaye anapenda hapo bila hewa. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua kwa sababu ya waru zilizookwa kwa foili, zikaachwa nje, kisha zikatengenezewa sosi. Mwaka 2015 huko Lancaster, Ohio, saladi ya waru kwa mlo wa kanisa iliwalaza watu hospitalini na mmoja akafa. Waru zake zilikuwa zimehifadhiwa nyumbani kwa mikebe bila kufuata njia salama. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya. Pika siku ile ile.

La pili ni jiko. Jioni Nchiru inaweza kuwa na baridi, na mvua ikianza wazo la kwanza ni kuingiza jiko ndani ya bedsita mwendelee. Usifanye hivyo, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Makaa yanayofifia bado yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, na msee akidhani amechoka tu na sherehe analala na hawezi kuamka. Mvua ikinyesha, hamia chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Sherehe ikiisha, mwagia makaa maji hadi yazime kabisa, na jiko lilale nje. Ukiona mtu ana hizo dalili, mtoe kwa hewa safi na mpeleke hospitali.

Ukitaka kuibadilisha

Parachichi la Meru likiiva vizuri, liponde badala ya mala, na limau zaidi. Hapo hata wale hawatumii maziwa wako ndani. Upande wa Pwani unaweza kuongeza bizari nzima iliyokaangwa kidogo na pilipili ya kukausha. Maharagwe mabichi yaliyochomwa kwa wavu dakika tano yanaingia vizuri pia, na yanaongeza rangi.

Kitu kimoja usibadilishe ni ule mpangilio: waru kwanza, wavu safi, sahani ya kila mtu aliyechanga. Kilo nne za waru haziko karibu na bei ya mbuzi mwingine. Lakini yule beshte aliyezoea kachumbari na soda akirudi kwa karai mara ya pili, mtajua soo mbili zake zimefanya kazi.